Anayekufa Si Wewe, Ni Wimbo

Kila mwaka ukikaribia kuisha, zile orodha zinarudi. Matamasha 20 ya kuhudhuria kabla hujafa. Wanamuziki 10 wa kuwaona jukwaani kabla hujafa. Nenda Glastonbury ukanyage matope ya Waingereza. Nenda Coachella upigwe picha jangwani. Na kama mfuko haufiki huko, shuka Unguja, Sauti za Busara ipo tangu 2004, ukirudi utakuwa na la kusimulia mpaka Pasaka.

Sina ugomvi na matamasha. Nimeimba mpaka sauti ikakauka, nimerudi nyumbani alfajiri viatu vikiwa mkononi, na ukiniitia lingine Ijumaa hii, nakuja. Ugomvi wangu ni na haya maneno mawili, "kabla hujafa". Yamechagua maiti asiye maiti. Msomaji wa orodha hizo ana miaka 24, ana afya, ana bando ya mwezi mzima. Glastonbury itakuwepo akiwa na 40. Wasanii anaowapenda wana mameneja, wana bima, na kila wanachopumua kinarekodiwa. Anaharakishwa akimbilie kitu ambacho hakiendi popote. Huku nyuma yake, mahali ambapo angefika kwa basi, kuna muziki ambao kweli hauna muda, na hakuna orodha iliyoutaja.

Kwa hiyo wacha niseme wazi ninachoamini: kama unataka kusikia muziki kabla muda haujaisha, anza kwa kuuliza ni muda wa nani unaoisha. Jibu langu liko Mto Tana.

Andika "Nanighi" kwenye simu yako uone. Aghalabu utaletewa bwawa: mpango wa kuzuia maji ya Tana pale yavutwe kwa mabomba mpaka Lamu, kwenye bandari mpya. Utaletewa mafuriko. Utaletewa ukame. Huo ndio umaarufu wetu, maji yakizidi na maji yakikosekana. Nasema "wetu" kwa sababu upande wa mama yangu ni huko, kati ya Garissa na Hola, ukiuacha mji ukashuka na mto. Ukanda ule wa mto una Wamalakote na lugha yao ya Kiilwana, una Wapokomo, una Wamunyoyaya ambao ni wavuvi, una Waorma na Wasomali na mifugo yao. Watu hawa hawasemi lugha moja wala ukoo mmoja wa lugha. Wanakunywa maji ya mto mmoja, na kila mmoja ana wimbo wake kuuhusu.

Nyanya yangu anaimba akifanya kazi. Akikaa bure haimbi. Ukimwambia, "Nyanya, tuimbie," atakuuliza, "Kwani kuna nini?" Kwake wimbo una shughuli yake: wa kutwanga ni wa kutwanga, wa kufukuza ndege shambani ni wa kufukuza ndege, wa kumlaza mtoto unataka mtoto. Kuna mmoja wa kina mama waliokuwa wakivuka mto na mizigo, ambao yeye na wenzake wawili tu ndio wanaoujua wote mpaka mwisho. Wale wawili, mmoja hasikii vizuri tena. Wa pili alihamishiwa mjini kwa mwanawe baada ya mafuriko ya 2024, anakaa chumba kimoja cha mabati, na huko hakuna mto wa kuvuka. Hebu nionyeshe tamasha lenye tarehe ya mwisho iliyo karibu kuliko hiyo.

Najua wengine mtasema hamna uhusiano wowote na Tana. Hapo ndipo mnanikasirisha, kwa sababu mnao, na mmekuwa nao tangu chekechea.

Mwaka 1963 Kenya ilikuwa inajiandaa kwa uhuru na ilihitaji wimbo wa taifa. Ikaundwa tume ya wanamuziki watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Mahadhi waliyoyatumia yalitoka kwa Wapokomo, kupitia kwa Meza Morowa Galana, na yalikuwa mahadhi ya wimbo wa kubembeleza mtoto. Ndani ya wimbo huo mama anamtisha mtoto anayelia kwamba mnyama atakuja kumla. Wengi wenu mnalijua hili kama swali la chemshabongo. Mtu analiuliza kwenye sherehe, mnashangaa, "Ati ni lalabai?", mnacheka, mnaendelea na vinywaji.

Piga hesabu kidogo. Paredi mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Ijumaa. Wiki 39 hivi za masomo kwa mwaka. Miaka 12 ya shule. Hiyo ni mara 936, bila sikukuu za taifa na mechi za Harambee Stars. Mkenya aliyemaliza sekondari ameimba mahadhi ya mto wetu karibu mara elfu moja. Sasa jiulize ni mara ngapi umesikia ule wenyewe, kutoka kwa mama wa Kipokomo, taa imezimwa, mtoto kifuani. Wimbo uliotungwa ili mtu mmoja mdogo alale sasa unawasimamisha watu milioni hamsini wima, mikono ubavuni. Tumeuchukua, tukaupa tarumbeta, na hatukuwahi kurudi kusema asante.

Na serikali haiwezi kujifanya haijui. Katiba ya 2010, Kifungu cha 11, inasema utamaduni ndio msingi wa taifa, na inaliagiza Bunge kutunga sheria ili jamii zilipwe fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa. Katiba hiyo hiyo imebeba Wimbo wa Taifa kwenye Jedwali la Pili. Yaani kitabu kimoja kina ahadi ya kulipa na kina deni lenyewe. Mwaka 2016 ikaja Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni, inayozitaka kaunti ziweke rejista ya mali hizo na inayotaka jamii iulizwe kwanza kabla ya mtu kuzitumia. Ni sheria nzuri. Nenda ofisi ya kaunti yako uombe kuona rejista, halafu uje uniambie ulikaa kwenye benchi saa ngapi.

Kuna muziki mwingine wa Tana ambao siwezi kukuambia uende ukausikie, kwa sababu hakuna aliye hai aliyewahi kuusikia. Wapokomo walikuwa na ngadzi, ngoma kubwa takatifu iliyofichwa msituni na kulindwa na wazee. Sauti yake ndiyo iliyowaita watu na kuwaambia nani ana mamlaka. Maafisa wa Kiingereza waliichukua, na tangu 1908 iko mikononi mwa British Museum, London. Imekaa stoo. Wapokomo wameidai, na wachache wao wamefika kuiona, wakarudi mikono mitupu. Jumba lile linazuiwa kutoa vitu vyake na sheria ya Bunge la Uingereza. Mwaka wa sheria hiyo? 1963. Mwaka ule ule ambao sisi tulikuwa tunachukua mahadhi ya Wapokomo ili tujiite huru, London ilikuwa inaandika sheria inayoweka kufuli kwenye stoo yenye ngoma ya Wapokomo.

Naitaja ngadzi kwa sababu inaonyesha muda ukiisha unaishaje. Hakuna kishindo. Mti upo, ngozi ipo, namba ya stoo ipo, mtu wa kuielezea kwa Kiingereza safi yupo. Kilichokosekana ni aliyeisikia. Mtoto wa aliyeisikia alisimuliwa. Mjukuu alisimuliwa kwamba baba yake alisimuliwa. Sisi tunaiona kwenye picha.

Sasa nisikilize mnachosema mkinipinga, maana nimeshaambiwa yote.

La kwanza: muziki hubadilika, acha wa kale uende zake. Nakubali nusu. Hata mimi sitaki mtu wa Nanighi ageuzwe sanamu ya kuvalia kanga na kupiga kayamba watalii wakipita. Vijana wa Hola na Garsen wanatengeneza midundo kwenye simu na ni mizuri. Lakini kubadilika ni nini? Ni mtu kuusikia wimbo, akaukamata, akaugeuza. Ule wimbo wa taifa wenyewe ni mabadiliko makubwa, na uliwezekana kwa sababu 1963 kulikuwa na mtu anayeujua ule wa kwanza. Kinachotokea sasa kina jina lingine. Msururu unakatika katikati, na anayekuja nyuma hana cha kugeuza. Mtayarishaji wa midundo hawezi kuchakata sauti ambayo haijafika masikioni mwake.

Na tusidanganyane kwamba nyimbo hizi zinajifia zenyewe kwa uzee. Zina sababu, na nyingine zina saruji. Mto wetu ulikuwa ukifurika mara mbili kwa mwaka, na mkulima alifuata maji yakirudi, akipanda kwenye tope. Huko juu yakajengwa mabwawa ya umeme, Kindaruma mwaka 1968, Masinga 1981, Kiambere 1988, na mengine kati yake. Taa za Nairobi zikawaka. Huku chini mafuriko yakapoteza kalenda yake: mwaka huu hayaji, mwaka ujao yanakuja yote kwa mpigo. El Niño ya 1997, kisha mwisho wa 2023, kisha Aprili 2024 ambapo hata mashua ya abiria ilizama kule Kona Punda, karibu na Madogo. Kijiji kikihamishiwa kambini, watu wanaokolewa, na alhamdulillahi. Lakini wimbo wa kupanda unahitaji shamba, na shamba limebaki chini ya maji. Kwa hiyo ukisema "acha uende zake", ujue kuna waliousukuma.

La pili: si urekodi tu uweke mtandaoni? Hili ndilo jibu la kizazi chetu kwa kila kitu, na nalo nalikubali nusu. Rekodini. Bila kanda tungekuwa maskini zaidi. Pale Nairobi, Ketebul Music wamefanya kazi ya maana ya kuzirudisha historia za benga na nyinginezo mikononi mwetu. Ila rekodi inategemea nani kashika mashine na anaondoka nayo kwenda wapi. Miaka michache iliyopita ilikuja timu kwa kina nyanya zetu, na kamera tatu na mtu wa kushika mwavuli. Sitaitaja. Waliwakalisha kina mama juani, wakawaimbisha wimbo wa kumlaza mtoto saa saba mchana, bila mtoto, mara nne, kwa sababu kuku alikuwa anapiga kelele. Wakawapa soda na mkate. Wakasema watarudi na nakala. Mpaka leo kina mama hawajasikia sauti zao wenyewe. Tofauti ya faili hilo na ngadzi ni nini? Mzigo umekuwa mwepesi, basi. Umetoshea kwenye begi la mgongoni.

La tatu linasemwa na watu ninaowaheshimu, kwa hiyo nalijibu taratibu: watu wa Tana wana njaa, wana mafuriko, hawana barabara, na mwaka 2012 waliuana kule Delta, zaidi ya watu mia moja kati ya Agosti na Desemba. Wewe unaleta habari za nyimbo?

Ndiyo, naleta. Vita vile vilipoisha, kila mtu aliandika juu ya ardhi na malisho na wanasiasa, na walikuwa sahihi. Lakini uongo mmoja ulipita bila kupingwa: kwamba mkulima na mfugaji wa Tana ni maadui tangu enzi na enzi. Fungua masikio usikie Kiilwana. Ni lugha ya Kibantu iliyobeba Kiorma mpaka kwenye mifupa. Mtaalamu wa isimu Derek Nurse aliandika juu ya hilo kwenye kitabu chake cha mwaka 2000. Lugha hazichanganyiki hivyo kwa kurushiana mishale. Zinachanganyika kwa kuoana, kukopeshana, kulala kwa jirani mvua ikinyesha. Nyanya yangu ana wimbo wa arusi ambao ubeti unaanza kwa lugha moja na kuishia kwa nyingine, na hakuna anayeona ajabu. Wazee wakiondoka na nyimbo kama hizo, tutabaki na ripoti za tume. Mtoto wa kesho atasoma kwamba babu zake walipigana, na hatakuwa na ushahidi mwingine. Mwenye njaa anahitaji chakula, sawa. Anahitaji pia kujua kwamba jirani yake hakuzaliwa adui.

Basi tufanye nini? Mlipenda orodha, nami nina yangu. Ni fupi, na haina picha nzuri.

Anza nyumbani. Uliza aliyekulea alikuimbia nini ulipokuwa hutaki kulala. Uwe Mluhya wa Kangemi au Mdigo wa Likoni, wewe pia una Nanighi yako, na kule pia wamebaki watatu. Akisema amesahau, usimharakishe. Mwambie akiwa anapika. Mpe mtoto ambebe. Wimbo hukumbukwa na mikono kabla ya kichwa.

Kisha nenda. Basi la Nairobi kwenda Garissa lipo kila siku, na kutoka Garissa kuna magari ya kushuka na mto kuelekea Hola na Garsen. Usiende peke yako kama mpelelezi. Nenda na mtu wa huko, amkieni wazee kwanza, semeni mmefuata nini. Usiombe kuonyeshwa. Omba kusaidia, halafu unyamaze. Ukishika jembe au mchi, muziki utaanza wenyewe, na utakuwa umepata nafasi ambayo hakuna tiketi ya watu mashuhuri inayoinunua, maana hapo katikati hakuna jukwaa.

Ulipe. Unatoa elfu tatu, elfu tano, usimame uwanjani kwenye mvua ukingoje msanii aliyechelewa saa nne. Mwanamke aliyehifadhi wimbo kwa miaka 60 bila ruzuku ya mtu anastahili angalau bei hiyo, mkononi, bila risiti na bila hotuba. Ukirekodi, omba ruhusa, mwachie nakala kwenye simu ya mjukuu kabla hujaondoka, na popote utakapoiweka andika jina la mahali na jina lake akikuruhusu. Neno "jadi" peke yake si jina la mtunzi.

Jifunze mmoja. Mmoja tu, mpaka uweze kuuimba vibaya mbele ya mwenyewe akakucheka na kukusahihisha. Kicheko kile ndicho cheti. Ukiusikiliza tu unabaki mgeni hata ukilia machozi. Ukiuimba vibaya umeingia kwenye msururu, na atakayekuja nyuma yako ana cha kushika.

Na mwisho, piga kelele. Daini rejista za kaunti zilizoahidiwa na sheria ya 2016. Daini kila kitabu cha shule chenye Wimbo wa Taifa kiandike umetoka kwa Wapokomo wa Tana, na mwalimu awachezee watoto ule wa kubembeleza, walau mara moja katika zile 936. Daini ngadzi irudi, na ikirudi isiwekwe kwenye kioo Nairobi kwa ajili ya hotuba za mawaziri. Ipelekwe kwa wenyewe, na wenyewe waamue kama itafichwa tena msituni. Hata wakiificha tusiione kamwe, sawa. Haikutengenezwa kwa ajili yetu.

Mtaniambia haya ni mengi kwa mtu aliyetaka tu orodha ya matamasha. Hewala. Nendeni kwenye matamasha, nami tutakutana kule mbele karibu na spika. Lakini Jumamosi hii, kabla hujatoka, piga simu kijijini. Mtandao huko kwetu hushika vizuri jioni, baada ya Isha, ukipanda kidogo mahali palipoinuka. Atakayepokea atafikiri kuna msiba. Mwambie hapana, bado, na ndiyo sababu umepiga.